Kumpa Mgonjwa Dawa ni Kazi, Si Kutumwa Sokoni

Ipo kazi moja inayofanywa kila siku, asubuhi na jioni, katika nyumba nyingi za pwani yetu ya Tanganyika, toka Kabezi na Magara hadi Minago, Rumonge, Kigwena na Nyanza-Lac, ambayo waajiri hawaiandiki katika mapatano wala hawaihesabu katika mshahara. Ni kazi ya kumpa dawa mtu mzima asiyeweza kujipa mwenyewe: mzee aliyepooza, mama asiyeona, kijana mwenye kifafa, mtu aliyeugua akili, babu aliyeanza kusahau hata majina ya wanawe.

Mara nyingi anayeifanya kazi hiyo si muuguzi. Ni msichana aliyeshuka kutoka milima ya Burambi au Buyengero kutafuta kazi ya nyumbani mjini. Ni mfanyakazi wa nyumba ya wazee inayoangaliwa na watawa. Ni msaidizi wa wodi aliyeajiriwa kufagia, kisha akaongezewa hili na lile. Ni jirani anayelipwa franki chache amwangalie bibi wakati watoto wake wako sokoni au ziwani. Watu hawa hufua, hupika, huogesha na kumgeuza mgonjwa kitandani. Mwenye nyumba anapotoka huacha neno moja tu mlangoni: "Usisahau kumpa mzee dawa zake."

Neno hilo ni jepesi kulitamka, bali uzito wake ni mkubwa. Mfanyakazi akikosea chumvi, mchuzi humwagwa, ukapikwa mwingine. Akikosea dawa, mtu aweza kufa, na hapo ndipo huulizwa kwa ukali: "Nani alimpa?" Hakuna anayeuliza: nani alimfundisha? Nani alimwandikia? Nani alimpa mahali pa kuzifungia? Twasema wazi katika ukurasa huu kwamba kumpa mgonjwa dawa ni kazi kamili. Anayemkabidhi mfanyakazi dawa lazima amkabidhi na maarifa yake. Asipofanya hivyo, hana haki ya kumtwisha mfanyakazi lawama peke yake.

MAMBO YANAYOPOTEZA WATU

Wako watakaosema kwamba kidonge na maji ni jambo ambalo hata mtoto analiweza. Na tuyatazame mambo yenyewe.

La kwanza ni saa. Daktari huandika kwa Kifaransa: 8h na 20h. Kwa hesabu yetu ya Kiswahili, na ya Kirundi pia, hiyo ni saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Lakini mfanyakazi aliyesoma kidogo akiona tarakimu 8 atasema saa nane, naye atampa mzee dawa mchana. Ile 20h hataielewa kabisa, kwa kuwa saa zake huishia kumi na mbili. Hivyo dawa iliyotakiwa kugawanywa sawasawa kati ya mchana na usiku hutolewa ovyo, au hutolewa mara moja badala ya mbili. Hapa hakuna uzembe wa mtu. Ni karatasi iliyoandikwa kwa saa za watu wengine.

La pili ni lugha na alama. Karatasi ya daktari ina Kifaransa, dawa iliyovuka ziwa kutoka Kigoma huweza kuwa na Kiingereza, na mfanyakazi anajua Kirundi na Kiswahili. Akiona "1 x 3" atajuaje kama ni kidonge kimoja mara tatu, au vitatu kwa mara moja? Na dawa ya maji je? Kijiko kidogo cha chai huchukua mililita 5, kile kikubwa cha mezani huchukua 15. Anayebadilisha kijiko bila kujua amempa mgonjwa kiasi mara tatu.

La tatu ni chakula. Wagonjwa wengi wa sukari hupewa vidonge vinavyoshusha sukari mwilini, kama vile glibenclamide. Akimeza na asile, sukari hushuka kupita kiasi: hutoka jasho, hutetemeka, huongea ovyo, kisha hulala usingizi usio wa kawaida, naye aweza kufa katika usingizi huo. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya dawa za lazima, linaonya kwamba glibenclamide haifai kwa watu waliopita umri wa miaka 60. Sasa, sisi watu wa ziwa twajua vizuri jinsi chakula chetu kinavyofuata mwezi. Ndagala huvuliwa kwa taa katika giza. Ukija mbalamwezi mitumbwi hukaa pwani, fedha hupungua, na nyumba iliyokula mara mbili hula mara moja. Dawa haifuati mwezi. Kidonge ni kile kile, sufuria ndiyo tupu. Mfanyakazi asiyeambiwa kwamba kidonge hicho huandamana na chakula atakitoa kwa uaminifu wake wote, na uaminifu huo ndio utakaomwangusha mzee.

La nne ni kukatiza. Mwenye kifafa anayetumia phenobarbital akikaa miezi bila kuanguka, watu husema amepona, wakaiacha dawa. Dawa hiyo ikikatwa ghafula, kifafa hurudi kwa nguvu, pengine mtu aanguke mfululizo bila kupata nafuu. Kuipunguza ni kazi ya mganga aliyesomea, tena polepole.

La tano ni kusaga. Mzee asiyeweza kumeza husagiwa vidonge katika uji. Vidonge vingine huvumilia. Vingine, kama nifedipine ile iliyotengenezwa kutoka polepole mwilini, vikisagwa humwaga nguvu zote kwa mara moja, na mgonjwa wa presha huzimia. Mfanyakazi hana njia ya kuvitofautisha kwa macho.

La sita ni kurudia dawa ile ile kwa majina mawili. Paracetamol ya miligramu 500, mtu mzima asipite vidonge 8 kwa mchana na usiku, na mzee dhaifu hupewa pungufu. Lakini dawa nyingi za mafua zinazouzwa madukani zina paracetamol ndani yake. Anayetoa vyote viwili hajui kwamba amezidisha, na ini ndilo linaloumia.

Yaongezeke na upungufu wa siku hizi. Miaka hii ya karibuni ukosefu wa fedha za kigeni umefanya dawa fulani zipotee katika maduka ya dawa ya Burundi. Jamaa wa mgonjwa huzunguka, hupata dawa ya jina jingine, au ya jina lile lile lakini nguvu yake ni maradufu, huileta nyumbani na kuiweka mezani bila kusema neno. Mfanyakazi anaendelea na hesabu yake ya jana.

JOTO, MAJI NA BARAFU

Pwani yetu si kama Bururi au Mwaro kwenye baridi. Dawa inayokaa juu ya kabati chini ya bati huchemka. Insulini ndiyo husumbua zaidi. Wengine, kwa kuogopa joto, huiweka katika sanduku la barafu pamoja na mukeke. Hapo huganda, na insulini iliyoganda imekwisha haribika hata ikiyeyuka na kuonekana nzuri. Afadhali chungu ndani ya chungu, katikati mchanga uliolowa maji, mahali penye kivuli na upepo. Mwaka 2021 watafiti wa shirika la Médecins Sans Frontières na Chuo Kikuu cha Geneva walitoa matokeo ya uchunguzi uliohusu kambi ya Dagahaley, Kenya, ambako joto ndani ya nyumba hupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37: insulini ilidumu na nguvu yake kwa majuma manne. Basi hata maskini asiye na friji aweza kuitunza, mradi amefundishwa.

Tena yako mafuriko. Mwaka 2024 ziwa lilipanda likaingia katika mitaa ya kando ya maji Rumonge, na Gatumba pia. Watu walihama na magodoro vichwani. Dawa iliyoingia maji, au iliyopoteza pakiti na jina lake, hairudishwi kinywani mwa mtu, hata kama ilinunuliwa ghali.

FUNZO LA ITURI

Asidhani mtu kwamba tunatisha bure. Mwishoni mwa mwaka 2014, katika Ituri, kaskazini-mashariki ya Kongo, watu walianza kufika hospitali shingo zimepinda, macho yametazama juu, ulimi umetoka nje. Kwanza ilidhaniwa ni homa ya uti wa mgongo. Hadi Agosti 2015 waliohesabiwa walipita 1,000, na 11 walikufa, baadhi yao watoto wadogo. Sababu ilipopatikana, ilikuwa vidonge. Kopo liliandikwa diazepam, dawa ya kutuliza, lakini ndani mlikuwa haloperidol, dawa ya wagonjwa wa akili, tena kwa kiasi kikubwa. Waliowapa wagonjwa vidonge hivyo hawakuwa wauaji. Walisoma jina juu ya kopo wakaliamini.

Ukweli ulijulikana kwa sababu wapo waliokaa na kuuliza: hawa wote wamemeza nini, na kimetoka wapi? Hilo ndilo linalowezekana pale tu palipo na maandishi. Nyumba isiyo na daftari haiwezi kujibu swali hilo. Mgonjwa akipinda shingo leo, tutajuaje alimeza nini juzi?

HATA WENYE MALI HUKOSEA

Tusikubali pia kudharauliwa, kana kwamba makosa haya ni ya watu wa milimani wasiosoma. Uingereza ni nchi yenye nyumba nyingi za kutunza wazee, na humo hufanya kazi dada na kaka zetu wengi wa Afrika Mashariki. Mwaka 2009 ulitolewa uchunguzi uliofanywa katika nyumba 55 za huko, juu ya wakazi 256. Katika kila wakazi kumi, saba walikutwa na kosa moja au zaidi katika dawa zao. Makosa yalitoka pande zote: kwa daktari aliyeandika, kwa duka la dawa lililotoa, kwa nyumba iliyompa mgonjwa. Na sababu zilizotajwa ni zile zile tunazozijua: kazi nyingi mno, mafunzo haba, watu kutokuelewana, na mfanyakazi kuitwaitwa wakati anagawa dawa.

Kama nchi yenye mali, wauguzi na kompyuta imepatikana na hali hiyo, basi kosa si la rangi wala la kabila. Kosa ni la mpango wa kazi. Na mpango wa kazi ndio mambo ambayo chama cha wafanyakazi kiliundwa kuyashughulikia.

HOJA ZA WAAJIRI

Mwajiri wa nyumbani husema: "Huyu ni kama mtoto wetu, mambo ya madaftari ni ya hospitali." Tunajibu: kama ni mtoto wenu, mbona akikosea anafukuzwa usiku ule ule? Wakuu wa nyumba za wazee husema: "Hatuna fedha za kuajiri muuguzi." Hilo twalielewa, maana umaskini wa nchi ni wetu sote. Lakini daftari la shule si ghali. Kufuli si ghali. Saa mbili za mafunzo na muuguzi wa kituo cha afya hazifilisi nyumba. Yanayokosekana hapa ni heshima kwa kazi, wala si fedha peke yake.

Wengine husema mfanyakazi akijua mambo ya dawa ataanza kujifanya daktari. Hofu hiyo ina kiini cha kweli, nasi hatuipuuzi. Lakini anayejifanya daktari ni yule asiyeonyeshwa mpaka wake. Aliyefundishwa vizuri ndiye hujua kusema: "Hapa pamenizidi, twende kituoni."

TUNAYODAI

1. Kila anayekabidhiwa dawa za mtu mwingine afundishwe kwanza na muuguzi, kwa lugha anayoijua. Ajue mambo matano: mtu ni yule, dawa ni ile, kiasi ni kile, njia ni ile, na saa ni ile. La sita ni kuandika.

2. Kila mgonjwa awe na daftari lake: jina, dawa, kiasi, saa kwa hesabu yetu, na alama ya aliyetoa. Asiyejua kusoma achorewe jua na mwezi, idadi ya vidonge iwe kwa vitone. Alama iwekwe baada ya mgonjwa kumeza, kamwe isiwekwe kabla.

3. Dawa zikae katika pakiti zake, ndani ya sanduku lenye kufuli, mbali na joto, maji na watoto. Mwajiri akileta dawa mpya, aseme kwa maneno na aandike.

4. Sindano zisichomwe na asiyefundishwa. Zilizotumika ziwekwe katika kopo gumu lenye kifuniko. Mfanyakazi anayezigusa achanjwe dhidi ya homa ya ini ya aina B, kwa gharama ya mwajiri.

5. Mfanyakazi awe na haki ya kukataa kutoa dawa asiyoielewa mpaka aelezwe, bila kukatwa mshahara.

6. Anayetangaza kosa lake mara moja asifukuzwe kwa sababu ya kulitangaza. Akifukuzwa yeye, wa kesho atanyamaza, na mgonjwa atakufa kimya kimya.

7. Kazi hii iandikwe katika mapatano na ilipwe.

Madai haya si ndoto. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 149 wa mwaka 1977 juu ya wauguzi, na Mkataba Na. 189 wa mwaka 2011 juu ya wafanyakazi wa nyumbani, unaosema kwamba mfanyakazi wa nyumbani naye ana haki ya mahali pa kazi penye usalama na afya. Wakuu wa afya wa mkoa wa Burunga, ambamo Rumonge imo tangu mipaka mipya ya mwaka 2025, wanaweza kuanza na jambo dogo: siku moja kila mwezi, kituo cha afya kiwafundishe watunza wagonjwa wa mitaa yake.

WAJIBU WETU WENYEWE

Chama kinachodai bila kujidai chenyewe hakiheshimiwi. Basi, ndugu, nasi tuna ya kushika.

Usimpe mgonjwa huyu dawa ya yule, hata kama wanaugua sawa. Usisimamishe dawa kwa kuwa mgonjwa anaonekana mzima. Lakini kama hakula, au amebadilika, usitoe kwanza: uliza. Mwenye sukari akitoka jasho na kutetemeka, naye yu macho na anameza, mpe maji ya sukari. Akiwa amezimia usimtie kitu kinywani, mpeleke hospitali.

Usifiche dawa katika ugali. Mtu mzima mwenye akili zake ana haki ya kukataa. Mbembeleze, mweleze, na akishikilia, andika kwamba amekataa na umwambie muuguzi. Uzee haumwondolei mtu utu wake.

Ramadhani ikikaribia, mzee Mwislamu anayetaka kufunga apelekwe kwa muuguzi kabla ya mwezi kuandama. Dawa nyingine zaweza kuhamishiwa futari na daku. Nyingine haziwezi, na mwenye maradhi ana ruhusa katika dini yake. Jambo hilo lisiamuliwe jikoni.

Mgonjwa akifa au dawa ikibadilishwa, zilizobaki zirudishwe kituoni. Kuziuza, kumpa jirani, au kuzitupa ziwani tunakochota maji ni dhambi moja. Na anayeiba dawa za mgonjwa, au anayetia alama daftarini kwa dawa ambayo hakuitoa, asije kugonga mlango wa chama akitaka kutetewa.

Ndugu wafanyakazi, wazee wanaolala katika nyumba hizi ndio waliovuta nyavu, waliopanda michikichi ya Rumonge, waliobeba magunia bandarini. Wengi wao walikuwa wafanyakazi kama sisi. Leo mkono wao hautoshi hata kufungua kifuniko cha chupa, nao wanautegemea mkono wetu. Mkono huo na uwe umefundishwa, uwe umelindwa, uwe umelipwa. Tuanze juma hili: kila mmoja anayetunza mgonjwa amwombe mwajiri wake daftari moja na kufuli moja. Atakayenyimwa alete habari katika mkutano wa tawi, na jina lake litasimamiwa na wote.

Umoja ni nguvu.